Tanuri la Itto

Kabla ya kumkabidhi ufunguo, Mzee Lhou alimtaka Itto achungulie ndani ya tanuri lilipokuwa baridi. Itto akapiga magoti, akaingiza kichwa kwenye kile kimlango cha chuma, akaona masizi matupu juu, chini na kila upande, meusi kama lami.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, mzee. Giza."

"Vizuri. Kesho njoo baada ya sala ya alfajiri."

Kesho yake walikaa wawili mbele ya moto wa kuni za mwaloni, kimya, maana Mzee Lhou alikuwa na kifua kibovu na hakupenda kupoteza pumzi kwa maneno ya asubuhi. Mwanzoni kuba la tanuri lilizidi kuwa jeusi. Kisha juu kabisa, pale ndimi za moto zilipokuwa zikilamba matofali, pakatokea doa jeupe dogo kama ukucha. Itto akadhani macho yanamdanganya. Lile doa likatanuka, likashuka kuta zote polepole, masizi yakiungua yenyewe na kutoweka bila moshi wala sauti, mpaka kuba zima likawa jeupe kama ndani ya ganda la yai. Uso wake ulikuwa ukibabuka kwa joto na hakurudi nyuma.

"Likiwa hivyo liko tayari," Mzee Lhou akasema. "Huhitaji saa, huhitaji kipimo. Nimeliangalia tangu sijaota ndevu, na mpaka leo kila asubuhi kitu kinanikamata hapa." Akajigusa kifua, akakohoa. "Au labda ni kifua tu. Daktari anasema ni moshi."

Hivyo ndivyo Itto alivyorithi tanuri la mtaa wa maseremala huko Azrou, mji ulioegemea mlima, chini ya misitu ya mierezi. Mzee hakuwa na mtoto aliyelitaka. Watoto wake walikuwa mijini wakifanya kazi za kukaa.

Itto mwenyewe alitoka kwenye kazi ya kusimama. Ujana wake wote aliumalizia katika kiwanda cha samaki wa makopo kule pwani, akipanga samaki kwenye mikebe, kichwa huku mkia kule. Kengele ikilia unaingia, ikilia unakula, ikilia unakwenda haja. Siku moja alikuwa amelala kwenye chumba chake cha kupanga, Ijumaa, hakuna kazi, akaamka ghafla akijikuta amesimama katikati ya chumba, mikono mbele, inapanga samaki ambao hawapo. Mwezi uliofuata akarudi nyumbani mlimani.

Kaka yake Hammou, dereva wa teksi, hakulielewa hilo hata kidogo.

"Umeacha mshahara na bima," akamwambia, ameegemea gari lake, "umekuja kupiga magoti mbele ya shimo la moto. Tena wakati huu, watu wote wananunua mikate ya tanuri la umeme pale stendi."

"Si wote."

"Waliobaki ni vikongwe. Na hii kazi ni ya wanaume, Itto, wenye mapafu ya akiba. Mama angekuwa hai angenilaumu mimi."

"Mama angekuwa hai," Itto akasema, "angekuwa ameshaniletea unga wake."

Hammou akacheka bila kutaka, akawasha gari.

Kweli, waliobaki walikuwa wachache. Wanawake wa mtaa walikuwa wakikanda unga nyumbani, wanaufinyanga madonge bapa, wanayapanga kwenye ubao na kuyafunika kwa kitambaa, kisha wanauleta ubao kichwani. Kazi ya Itto ilikuwa kuchoma, basi. Mteja wa kwanza alikuwa Lalla Tuda, yaani Bi Tuda, bibi mfupi mwenye mdomo uliokuwa ukiogopwa mpaka kwa muuza nyama. Alikuja na mkwewe Yamna, msichana mpole aliyeolewa karibuni, ndiye aliyebeba ubao.

"Mkate wangu ukiungua," Lalla Tuda akasema, "nitakutangaza mpaka Khenifra."

"Na usipoungua?"

"Nitanyamaza. Kunyamaza kwangu ni sifa, uliza mtu yeyote."

Mkate wa kwanza uliungua upande mmoja. Itto alitangazwa. Lakini kesho yake Lalla Tuda akaja tena, labda kwa kuwa alitaka kitu kingine cha kutangaza, na taratibu Itto akajifunza. Alijua kona ipi ya tanuri ina hasira na ipi ina subira, na mkate wa shayiri unataka kuwekwa wapi, na namna ya kuusukuma ubao wa mpini mrefu na kuuvuta kwa mkupuo mmoja ili madonge yatue bila kupindana. Wengine walimlipa sarafu, wengine walimwachia mkate mmoja, wengine zeituni za kwao. Hakutajirika. Alikula, alilipa pango, alinunua viatu vizuri vya kutembelea.

Maana kutembea ndiko kulikomshangaza zaidi. Adhuhuri ikifika mikate ilikuwa imeisha, watu wamekwenda kula. Itto alinawa majivu, akafunga mlango, akapanda njia ya msituni. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Alikaa chini ya mierezi mikubwa ambayo watu watano wakishikana mikono hawaizunguki, akawaangalia nyani wakichambuana chawa, na akili yake ikawa inarudia jambo lile lile kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na bado anasubiri mwenyewe atokee akidai: mchana huu ni wangu. Hata mwaka wa pili hakuwa amelizoea.

Theluji ilianza kunyesha Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza. Azrou inajua theluji, watu hawakushtuka. Lakini hii ilinyesha mchana kutwa, ikakesha, na Ijumaa asubuhi Itto alipovuta mlango wake akakuta ukuta mweupe umemfika kifuani. Mtaa haukuwa na sauti. Hakukuwa na gari, wala redio, wala jogoo. Akasimama pale na shuka mabegani, na kwa muda akasahau kwamba ana kazi.

Baadaye kidogo Hammou akapiga simu. Barabara ya Meknes imefungwa, akasema, na ya juu pia imefungwa. Nyaya za umeme zimeanguka. Lori la mitungi ya gesi limekwama bondeni na dereva amelala msikitini.

"Wewe una kuni?"

"Ninazo za siku tatu."

"Usizimalize, utaganda humo ndani."

Itto akakata simu, akachukua koleo la majivu, akaanza kuchimba njia kutoka mlangoni. Alikuwa hajafika katikati ya kichochoro alipoinua macho.

Walikuwa wanakuja. Kutoka juu ya mtaa, kutoka kwenye ngazi, kutoka upande wa soko ambako hakuwahi kuwa na mteja hata mmoja, watu walikuwa wanakuja na mbao vichwani. Theluji iliwafika kiunoni, hivyo miguu haikuonekana, na ule weupe ulikuwa unafanana na anga, ukingo wake hauonekani. Kwa mbali zilionekana mbao tu, zimefunikwa vitambaa vyekundu na vya bluu, zikielea juu ya theluji, moja nyuma ya nyingine, taratibu, zote zikielekea kwake. Itto akashika ukuta.

Duka la mikate ya umeme lilikuwa limekufa pamoja na umeme. Mitungi ya gesi ilikuwa mitupu. Katika mji mzima, mahali pa kuchoma mkate palikuwa pamebaki hapa tu.

Akawasha moto. Mpaka adhuhuri alikuwa amechoma mikate mingi kuliko ya wiki nzima, na watu hawakutaka kuondoka kwa sababu kuta za chumba zilikuwa na joto. Mwenye duka la stendi naye alikuja, akisukuma toroli lenye unga wake uliokandwa usiku, akasimama mlangoni.

"Utaharibika," akasema.

"Panga foleni," akajibu bibi mmoja, na watu wakacheka, na Itto akamsogezea nafasi benchini.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri ndipo Lalla Tuda akaingia. Hakuwa na ubao. Alikuwa amejifunika jilabia mbili, mikono yote imekumbatia kifua, na uso wake ulikuwa na rangi ambayo Itto hakuwahi kuiona. Watu wakampisha bila kuambiwa. Nyuma yake wanaume wawili walikuwa wamembeba Yamna juu ya mlango wa kabati, amefunikwa mablanketi ya sufu.

Lalla Tuda akamwendea Itto, akafunua jilabia kidogo.

"Nimekuletea mkate ambao haujaumuka," akasema.

Kilikuwa kitoto cha kike, njiti, amezaliwa asubuhi hiyo kabla ya wakati wake. Ukubwa wake haukuzidi wa njiwa. Ngozi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mishipa ilionekana kama nyuzi zilizolowekwa. Alikuwa akipumua kwa haraka, kisha akitulia muda ambao kila aliyekuwa pale alisahau kupumua, kisha akianza tena.

"Nyumbani kwetu maji yameganda kwenye birika," Lalla Tuda akasema. "Mwanangu Aqqa yuko kwenye mizeituni huko Meknes, hana njia ya kuja. Zahanati nimetoka sasa hivi. Nesi anasema hospitali haifikiki, na kwake kule kuna baridi kuliko kwangu. Ameniuliza, wapi katika mji huu kuna joto? Nikamwambia ninapajua."

Nesi mwenyewe alikuwa ameshaingia, kijana wa kike mwenye theluji mpaka kwenye kope. Akaangalia chumba, akaangalia dari. Juu ya mgongo wa tanuri palikuwa na jukwaa dogo la mbao ambapo Itto huweka unga wa wateja wakati wa baridi ili uumuke. Akapanda ngazi, akakaa kule juu muda, kiganja chake kimewekwa kwenye matofali.

"Hapa," akasema aliposhuka. "Mtoto alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Maziwa kwa kijiko, tone tone. Lakini joto lisipande wala lisishuke." Akamgeukia Itto. "Unaweza kulishika hivi lilivyo sasa?"

Itto akautazama moto. Alijua kupandisha moto, na alijua kuuacha ufe. Kuushika pale pale, mchana na usiku, kwa ajili ya pumzi ndogo kama ile, hakuna aliyewahi kumfundisha. Akatuma mtu kwa Mzee Lhou. Mzee akaja amebebwa mgongoni na seremala mmoja, anakohoa na kulalamika kwamba anabebwa kama gunia la viazi.

"Moto wa bibi harusi," akasema baada ya kuelezwa. "Mdogo, haulali, hauamki. Kuni moja ikianza kulegea, nyingine inaingia. Usiondoe macho. Na mtu asiniletee hapa ubao wenye rangi wala gundi, moshi wake ni sumu, utamuua yule mtoto."

"Kuni zangu ni za siku tatu," Itto akasema. "Na mikate je?"

"Mikate itachomwa na moto huo huo. Itachelewa. Kwani wanakwenda wapi?"

Na hapo ndipo yakaanza mambo ambayo Itto, kila akiyasimulia baadaye, sauti humshuka. Watu walioyasikia walitoka, akabaki na Mzee Lhou, Lalla Tuda na nesi, na Yamna na mtoto waliokuwa wameshapandishwa juu. Kisha wakarudi. Maseremala walileta magunia ya maranda ya mwerezi na vipande vya mbao walivyokuwa wakivitunza kwa kazi nzuri. Mzee mmoja alileta kitanda cha kufumia mazulia cha marehemu mkewe, akakiweka chini, akakipapasa mara moja, akaondoka bila kugeuka. Mwenye duka la stendi akaleta kreti za mbao na magunia mawili ya unga. Mtu akaleta mlango, Mzee Lhou akaukwangua kwa ukucha, akakuta rangi, akaukataa, na yule mtu akaubeba tena mlango wake mgongoni akapotea nao kwenye theluji. Baada ya saa nzima akarudi na gogo.

Siku ya pili ilipita hivyo, na usiku wake. Foleni ilianzia ndani ikafika kwenye ngazi, lakini hakuna aliyepaza sauti. Wanawake waliokuwa wakigombana kila siku kuhusu nani katangulia walinong'onezana, "Pita wewe, mama." Walitua mbao zao kwa vidole. Kila mtu aliyeingia aliinua macho juu kwanza, kwenye lile jukwaa dogo, ndipo akasalimia. Wengine hawakuwa na unga hata kidogo. Walikuja, wakaketi ukutani kidogo, wakasikiliza, wakaondoka.

Itto alilala kwa vipande, ameketi, Mzee Lhou akishika zamu. Akizinduka, mkono wake ulikuwa tayari umeshakamata kuni. Mikono ile ile iliyokuwa ikipanga samaki hewani sasa ilikuwa ikijua jambo lingine. Mara nyingine aliweka kiganja kwenye tofali na akahisi kwamba tanuri lina mwili, na mwili huo umembeba yule mtoto mgongoni, na yeye Itto ndiye pumzi yake. Wazo hilo lilimtisha akaliondoa, likarudi.

Jumapili asubuhi, chumba kikiwa kimejaa, ikasikika sauti kutoka juu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mlango wa kabati unaofunguliwa, kisha tena, kwa nguvu zaidi, kisha ikawa kilio kamili chenye hasira. Mtoto alikuwa hajawahi kulia tangu azaliwe. Watu wote walisimama walipokuwa, mmoja na ubao wake bado kichwani. Mzee Lhou alivua kofia yake ya sufu. Kutoka juu ikasikika sauti ya Yamna, imechoka, inacheka, "Ana njaa. Anataka kunila."

Ndipo Lalla Tuda, ambaye mji mzima ulimjua kwa maneno, akafungua kinywa na maneno hayakuja. Akaketi juu ya gunia la maranda, akajifunika uso kwa ncha ya kilemba.

Katika ukimya huo Hammou akaingia. Alikuwa ametembea kutoka upande wa pili wa mji, amebeba gogo la mwaloni begani, ndevu zimeganda. Akatazama watu waliosimama kama wako msikitini, akamtazama dada yake aliyepiga magoti, uso mweusi kwa masizi, macho mekundu, jicho moja kwenye moto.

"Kuna nini?"

"Mtoto amelia," Itto akamwambia.

Hammou akalitua gogo polepole.

"Nilidhani unachoma mikate tu," akasema.

"Ninachoma mikate. Nisogezee hiyo kuni."

Jumatatu katapila la kusukuma theluji likafika kutoka bondeni, nyuma yake gari la wagonjwa, na nyuma ya gari la wagonjwa Aqqa kwa miguu, hajanyoa, hajui kama amekuwa baba au amefiwa. Wakawachukua mama na mtoto mpaka Meknes, na daktari wa huko alipoambiwa mtoto alikuwa wapi siku zile alimwomba nesi arudie, kisha akaomba arudie tena.

Umeme ulirudi. Duka la stendi likawaka taa zake. Wengi wa wale waliokuja na mbao wakarejea kwenye mikate ya dukani, na Itto hakuwalaumu, maisha ni marefu na kukanda unga kila siku ni kazi. Lakini si wote. Foleni ya asubuhi ilibaki ndefu kuliko zamani, kiasi cha kumtosha, na hapo wakaja watu wa kumshauri. Hammou ndiye aliyekuwa wa kwanza, amebadilika kabisa. Akopeshwe, ajenge tanuri la pili, aajiri watu, aweke bango.

"Nikiwa na matanuri mawili," Itto akamwuliza, "nitaliangalia lipi?"

"Utaweka mtu aliangalie."

"Na mimi nitakuwa namwangalia huyo mtu. Basi si nirudi tu kiwandani, nikapige kengele mwenyewe."

Hammou akaomba chai.

Mwezi wa tano, theluji ikiwa imebaki kwenye vilele tu, Yamna akaja asubuhi moja na ubao wake. Mgongoni alikuwa amefunga mzigo uliokuwa ukirusha miguu. Walikuwa wamempa mtoto jina la Izza, la bibi yake upande wa mama, baada ya ugomvi wa kifamilia wa wiki mbili. Yamna akatua ubao, akamfungua mtoto, akamnyooshea Itto.

Itto akarudi nyuma hatua moja. Ndipo wote wawili wakatambua: siku zote zile hakuwahi kumgusa. Alikuwa chini, kwenye moto.

"Mikono yangu ina majivu."

"Mshike, dada."

Akamshika. Alitarajia njiwa, akakuta uzito, uzito hasa wa mtu, wenye joto lake lenyewe lisilotoka popote isipokuwa ndani. Mtoto akamkazia macho meusi yaliyotulia, akainua mkono akamshika pua, akaacha alama nyeupe ya kidole kwenye masizi, na kidole chake kikatoka cheusi. Itto alisimama hivyo mlangoni pa chumba chake cha biashara, huku wanawake nyuma yake wakianza kunusa hewa.

"Lalla Itto," mmoja akasema kwa upole, "mikate yetu."

"Naisikia," akasema Itto, na hakusogea.